Unamtunza mzee? Dawa isiyoandikwa ni hatari

Wewe uliyeachiwa ufunguo wa nyumba ya mzee wa watu, ukaonyeshwa kabati la dawa na kuambiwa "yeye mwenyewe anajua za asubuhi na za jioni", makala haya ni yako. Ni yako pia wewe uliyebaki nyumbani na shosho kwa sababu ndugu zako wote wana kazi na wewe bado unatafuta. Hakuna anayetuita wahudumu wa afya. Hatuna koti jeupe wala beji. Lakini kila asubuhi tunashika vidonge ambavyo vikizidi kidogo tu, mtu anaweza kuanguka na asiamke.

Ninajua kwa sababu mimi nilichoma.

Ilikuwa Jumapili mwaka jana. Nilikuwa na kibarua cha kumwangalia mwalimu mstaafu wa miaka 78, mitaa ya Buruburu. Chuo nilikuwa nimeacha mwaka wa pili karo ilipokwama, na blogu ilikuwa inalipa bando lakini si kodi ya nyumba. Mwalimu ana kisukari na presha. Jumatatu hadi Jumamosi nilikuwa nafika saa moja asubuhi, namwandalia chai na uji, nampa dawa, kisha tunatoka nje kuota jua na kubishana kuhusu siasa. Jumapili ilikuwa zamu ya mjukuu wake.

Jumapili hiyo mjukuu alikuwa na safari, akaniomba nimshikie. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, matatu zimepandisha nauli, nikafika saa mbili na nusu. Nikampata Mwalimu ameketi mezani, mbele yake kikombe kitupu.

"Mwalimu, umekunywa dawa?"

"Bado, kijana."

Nikampa. Ya sukari, ya presha, zote za asubuhi. Kumbe mjukuu alikuwa amempa zile zile saa moja kamili kabla ya kutoka. Mwalimu hakunidanganya, alisahau tu. Mjukuu naye hakunificha kitu, sikumuuliza. Sisi watatu tulikuwa watu wazuri wenye nia nzuri, na kwa pamoja tukampa mzee dozi mbili.

Saa nne hivi nikaona shati lake limelowa jasho, na siku yenyewe ilikuwa ya baridi. Mikono ilikuwa inatetemeka. Akaniita kwa jina la mwanawe aliye Marekani. Nikadhani ni homa, nikaanza kutafuta blanketi. Kisha nikakumbuka ile mashine ya kupima sukari kwenye droo. Ilisoma 2.4. Mimi si daktari, lakini kwenye kile kijitabu cha mashine imeandikwa kwamba chini ya 4 ni hatari. Nikakoroga sukari kwenye maji, nikamnywesha polepole akiwa bado anaweza kumeza, nikaita teksi.

Hospitalini daktari akauliza swali moja: "Leo amekunywa dawa gani, na saa ngapi?"

Wakati huo nilikuwa nimeshampigia mjukuu simu na ukweli ninao. Sitakudanganya, nilinyamaza. Niliwaza kibarua. Niliwaza polisi. Niliwaza vile jamaa za mzee watasema tulimpa nyumba kijana asiyemaliza hata chuo. Kimya hicho hakikufika dakika moja, lakini mpaka leo nikikikumbuka naona haya. Mwishowe nikasema: "Amepewa mara mbili. Mara ya pili ni mimi."

Daktari hakunigombeza. Aliomba kuona pakiti, akasoma jina: glibenklamidi, ile inayouzwa pia kama Daonil. Akanieleza kwamba dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee ambaye figo zimechoka. Ukimpa maji ya sukari, kipimo kinapanda na unafurahi, halafu baada ya saa chache kinashuka tena. Kwa hiyo Mwalimu alilazwa na kuangaliwa usiku mzima. Sukari ilishuka tena mara mbili usiku huo, mara zote wauguzi wakiwa pale. Kama ningeficha, pengine tungerudishwa nyumbani jioni ile ile, na kushuka kwa pili kungemkuta amelala peke yake chumbani.

Si ujinga, ni mpokezano

Baada ya hapo nilianza kusoma. Si ya darasani, ni ile ya usiku na bando la jioni. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba siko peke yangu, na kwamba tatizo hili halijaletwa na umaskini wetu. Mwaka 2009 watafiti Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi katika nyumba 55 za kutunzia watu, wengi wao wazee. Waliwafuatilia wakazi 256, ambao kwa wastani kila mmoja alikuwa anatumia dawa nane hivi. Karibu saba kati ya kila kumi walipatikana na kosa angalau moja la dawa. Hiyo ni nchi yenye sheria, wakaguzi na wafamasia kila kona. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, WHO, nalo likaanzisha kampeni ya kupunguza madhara ya makosa ya dawa, likikadiria kwamba makosa hayo hugharimu dunia dola bilioni 42 kila mwaka.

Kwa hiyo acha kufikiri kwamba mtu mwangalifu hakosei. Makosa mengi hayatokei kwa sababu mtu hajui dawa. Yanatokea dawa inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine: kutoka kwa daktari hadi duka la dawa, kutoka dukani hadi nyumbani, kutoka zamu ya asubuhi hadi ya jioni, kutoka kwa mjukuu hadi kwangu. Hapo katikati ndipo tunategemea kumbukumbu. Na kumbukumbu, hata ya kijana wa miaka 24, haiaminiki saa mbili asubuhi ukiwa umetoka kugombana na makanga kuhusu chenji.

Maswali sita kabla ya kufungua pakiti

Mwongozo mmoja wa Uingereza wa mwaka 2014 kuhusu dawa katika nyumba za utunzaji unataja mambo sita ya kuhakikisha kila unapompa mtu dawa: mtu ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, wakati ndio, na haki yake ya kukataa. Nimeyapitia nikiwa na maisha yetu ya hapa akilini.

Mtu. Kama ni mzee mmoja nyumbani, utasema hili ni rahisi. Lakini kama uko kwenye makao ya wazee, usiite "Mama Wanjiru?" kisha umpe dawa aliyeitika. Mzee asiyesikia vizuri huitikia jina lolote kwa adabu. Mwulize jina lake alitaje mwenyewe, na kama hawezi, picha ibandikwe kwenye karatasi yake. Na usichote kidonge kwenye pakiti ya mzee mmoja ukampe mwingine eti ni dawa moja.

Dawa. Soma jina dogo lililo chini ya jina kubwa. Amlodipini na Norvasc ni kitu kimoja. Mzee akienda kliniki mbili tofauti anaweza kurudi na pakiti mbili zenye rangi tofauti, nawe ukampa zote ukidhani ni dawa mbili za presha. Parasetamoli nayo imejificha ndani ya dawa nyingi za mafua, na mtu mzima hafai kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, wengine hata chini ya hapo. Na zile za maumivu ya viungo ambazo jirani huleta kwa huruma, kama diklofenaki na ibuprofeni, zinaweza kupandisha presha, kuumiza figo na kutoa damu tumboni, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kugandana. Jirani mshukuru, dawa mrudishie.

Kipimo. Hapa kwetu kuna ule mwandiko wa bahasha: 1x3. Maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Nimekutana na mwenzangu aliyekuwa anasoma vidonge vitatu mara moja. Hakuwa mjinga, hakuna aliyewahi kumweleza. Kabla hujaondoka dukani, msomee mfamasia ulivyoelewa, kwa sauti, naye akubali au akurekebishe. Usione haya. Kwenye kitabu cha kliniki utakuta OD, yaani mara moja kwa siku, BD mara mbili, na TDS mara tatu.

Njia. Mzee akishindwa kumeza, wengi wetu tunasaga kidonge na kukitia kwenye uji. Simama kwanza. Ukiona herufi SR, XR, ER au MR kwenye pakiti, hicho kidonge kimetengenezwa kitoe dawa polepole siku nzima. Ukikisaga, dozi ya siku nzima inaingia kwa mkupuo. Mwulize mfamasia kama kuna ya maji au ya aina nyingine.

Wakati. Hili ndilo letu hasa. Mwana wa Mwalimu aliwahi kuandika kwenye WhatsApp kwamba ile ya presha baba apewe "saa 8". Kwa saa ya Kiingereza hiyo ni saa mbili asubuhi. Kwa saa yetu ni saa nane mchana. Mimi nilielewa moja, mjukuu akaelewa nyingine. Tangu siku hiyo tunaandika kwa maneno: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Na wakati si saa ya ukutani tu. Glibenklamidi huenda pamoja na chakula. Mzee akikataa kula, usimpe ya sukari kwa mazoea. Piga simu kliniki kwanza. Na ukisahau dozi moja, usiifidie kwa kumpa mbili baadaye.

Kukataa. Hapa ndipo tunapowakosea wazee bila kujua. Mzee akisema "leo sitaki", tunambembeleza, tunamkaripia kama mtoto, au tunamfichia kwenye ndizi. Lakini mara nyingi ana sababu. Mwalimu alikuwa anakataa dawa moja ya presha kila Jumatano. Nilipomuuliza kwa utaratibu, akasema dawa hiyo humpeleka chooni kila mara, na Jumatano ndiyo siku ya mkutano wa wastaafu wenzake. Aliona aibu. Tulimwambia daktari, saa ya kuinywa ikabadilishwa, mambo yakaisha. Uingereza huwezi kumfichia mtu mzima dawa kwenye chakula kiholela: sheria yao ya mwaka 2005 inataka kwanza ithibitishwe kwamba hana uwezo wa kuamua mwenyewe, kisha uamuzi ufanywe kwa manufaa yake. Hapa Kenya, Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia na Serikali. Mimi naona heshima hiyo inaanzia kwenye kikombe cha uji.

Rejista ya Mwalimu

Mwalimu alirudi nyumbani Jumanne. Nilikuwa nimejiandaa kufutwa. Badala yake aliniita mezani, akaniambia nimletee daftari la mistari, rula na kalamu nyekundu.

"Kijana," akasema, "nilifundisha miaka 36. Kila asubuhi nilikuwa na watoto zaidi ya 40 mbele yangu na niliwajua wote. Lakini sikuwahi kusema nani amekuja kwa kukumbuka. Nilikuwa na rejista."

Akachora yeye mwenyewe, mkono ukimtetemeka kidogo. Upande wa kushoto majina ya dawa, kila dawa na kipimo chake na inatibu nini. Juu tarehe. Katikati visanduku vya asubuhi, mchana na usiku. Ndani ya kisanduku unaweka herufi za jina lako. Juu kabisa kwa rangi nyekundu, dawa zinazomdhuru. Yeye penisilini humtoa vipele.

Nyumba za utunzaji kule ng'ambo zina karatasi kama hiyo, na wakaguzi huidai. Ya kwetu iligharimu bei ya daftari. Lakini ina masharti yake, na ukiyalegeza inageuka karatasi ya uongo:

Weka herufi zako baada ya kuona dawa imemezwa, si kabla. Kidonge kilichoachwa kwenye kisahani hakijanywewa.

Usimwekee mwenzako sahihi, hata akikuomba kwa simu.

Akikataa, andika K na sababu. Kisanduku kitupu kinamwacha anayekuja baada yako akibahatisha, na kubahatisha ndiko kulikomlaza Mwalimu.

Dawa za "akiumwa tu" andika saa kamili na sababu, ili anayefuata ajue zimepita saa ngapi.

Daktari akibadilisha dawa, piga mstari kwenye ile ya zamani, andika tarehe, na uitoe kabatini siku hiyo hiyo. Zilizobaki au zilizoisha muda rudisha kwa mfamasia. Usiweke za akiba.

Amri ya WhatsApp kutoka kwa mtoto aliye ng'ambo si dawa iliyoandikwa na daktari. Mjibu kwa heshima: "Sawa kaka, naomba daktari aniandikie."

Kabati lifungwe, ufunguo ujulikane uko kwa nani. Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, mbali na barafu, maana ikiganda haifai tena.

Kosa likitokea

Litatokea. Likitokea, mwangalie mzee kwanza, kisha piga simu kliniki au mpeleke hospitali, ukibeba pakiti zote na ile rejista. Sema ukweli wote mara moja. Usimlazimishe kutapika.

Kama ana kisukari na anatoa jasho, anatetemeka au anaongea maneno yasiyoeleweka, pima sukari. Huna mashine? Chukulia kwamba imeshuka. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Pima tena baada ya dakika 15, rudia ikiwa bado iko chini, na ikipanda mpe chakula. Akiwa amezimia, usimtie chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali.

Na sasa neno kwa wanaotuajiri. Vijana wengi walichukua kozi za kutunza wazee wakiota kwenda Uingereza, nchi iliyofungulia wahudumu wa kazi hii mlango wa viza Februari 2022. Julai 2025 mlango huo ulifungwa kwa waombaji wapya kutoka nje. Wenye vyeti wako hapa mtaani, na wasio na vyeti kama mimi pia tuko. Mtatuajiri, kwa sababu wazazi wenu wanazeeka nanyi mko kazini au ng'ambo. Basi msitupe ufunguo wa kabati kabla ya kutuketisha nusu siku na mfamasia au muuguzi. Msitukate mshahara kwa kosa tulilolisema wenyewe. Siku mtakayomkata mmoja, wengine wote watajifunza kunyamaza, na atakayelipa kimya hicho ni mama yenu.

Familia ya Mwalimu haikunifuta. Mjukuu wake na mimi tuliombana msamaha, na siku hizi anayeondoka humsomea anayeingia rejista kwa sauti, mzee akisikiliza. Juzi nilikuwa nimeshika bilauri ya maji, mkono mwingine tayari kwenye pakiti, Mwalimu akanizuia kwa kidole.

"Soma kwanza."

Nikasoma. Kisanduku cha asubuhi kilikuwa na herufi za mjukuu. Alikuwa ameshakunywa.

Jioni ya leo, tafuta daftari na rula. Kaa na mzee wako, mtoe dawa zote kabatini, mziandike moja baada ya nyingine, na zile msizozijua ziende nanyi kwa mfamasia kesho. Haitachukua muda mrefu kuliko mechi moja.